Mwezi wa Mombo

Uani kwetu Tanga pana mwembe, tangi la maji, kamba ya kuanikia nguo, na kipande cha mbingu kilichosalia katikati ya vitu hivyo vitatu. Humo ndimo nilimojifunzia nyota. Darubini yangu ina kioo cha milimita 114. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama na hakutaka kuibeba, na mguu wake mmoja nimeufunga kwa waya. Jirani huwasha taa ya ulinzi kila magharibi, kwa hiyo usiku wangu mzuri ulikuwa ule wa umeme kukatika. Mtaa mzima unalalamika, mimi naitoa darubini nje nikiona haya kwa furaha yangu.

Taa ya jirani, lakini, unaweza kuomba izimwe kwa sahani ya maandazi. Wingu haliombwi. Julai 2018 mvua za mchoo zilitushika vizuri: asubuhi jua, adhuhuri jua, na jioni kusi linasukuma mawingu kutoka baharini kama mchungaji anayewahi zizini. Hazikuwa mvua za kumwaga. Ni kinyunyu cha dakika tano, nyota tatu, kinyunyu tena. Nafunika darubini kwa kanga, nafunua, nafunika. Mke wangu alihesabu: mwezi huo niliitoa mara tisa, nikaona kitu mara tatu.

Na hizo mara tatu niliona Mirihi, ambayo ilikuwa inatukaribia na kung'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Kwenye darubini ikawa punje ya rangi ya chungwa isiyo na alama hata moja. Niliamini kioo kimechafuka. Kioo cha darubini hakifutwi ovyo, kila ukikifuta unakikwaruza, lakini nilikifungua nikakisafisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa, roho mkononi. Mirihi ikabaki vilevile. Baadaye ndipo niliposoma kwamba vumbi halikuwa kwangu, lilikuwa kwake. Tufani iliyoanza mwishoni mwa Mei ilikuwa imeifunika sayari nzima, na gari la utafiti la Opportunity, lililotegemea nguvu ya jua, lilinyamaza tarehe 10 Juni na halikusikika tena. Nilicheka peke yangu chini ya mwembe. Kumbe hata huko wana mchoo wao.

Ijumaa ya tarehe 27 Julai mwezi ulikuwa upatwe, tena si kwa kawaida. Ungezama katika kivuli kizito cha dunia kwa dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kokote kwa mwezi katika karne hii ya 21. Mambo matatu yalikuwa yamekutana. Mwezi ulikuwa umefika mbali kabisa na dunia, zaidi ya kilomita 406,000, na ukiwa mbali huenda polepole. Ungepita karibu kabisa na katikati ya kivuli badala ya kukata pembeni. Na dunia yenyewe, ambayo mwezi Julai huwa mbali na jua, huwa na kivuli kinene zaidi kidogo. Mirihi nayo ilikuwa siku hiyohiyo imesimama mkabala na jua, kwa hiyo ingekuwa karibu na mwezi uliopatwa, upande wake wa kusini. Ulaya wengi wao wangeuona mwezi ukichomoza ukiwa umeshaliwa. Amerika Kaskazini wasingeuona kabisa. Kwetu yote yangetokea karibu na utosi, kati ya saa 4:30 usiku na saa 6:13. Safari hii karamu ilikuwa nyumbani.

Jumatano, kinyunyu kikiendelea, nikakata shauri: nipande mlimani. Hoja yangu niliiona haina tundu. Mawingu yako juu, mlima nao uko juu. Ukipanda vya kutosha utayaacha chini ya miguu. Darubini kubwa za dunia si ziko milimani, Mauna Kea kule Hawaii, Sutherland kule Afrika Kusini? Sikujiuliza ile milima ilichaguliwaje kati ya milima yote.

Basi la Alhamisi asubuhi lilitoka Tanga chini ya wingu la kijivu. Darubini ilikaa mapajani mwangu, imefungwa kwenye blanketi, na kondakta aliitoza nauli ya nusu mtu. Tulipofika Muheza, kwenye machungwa ya kwenye nyavu, milima ya Usambara Mashariki upande wa kulia ilikuwa imevaa wingu mpaka kiunoni. Kule juu ndiko Amani, panaponyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yote hayo huletwa na upepo uleule uliokuwa unanifukuza uani kwangu. Niliitazama milima ile, nikasema ni mizuri, nikanunua machungwa.

Segera tukageuka kuelekea kaskazini. Baada ya Korogwe nchi ikaanza kukauka: mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka, mibuyu, ng'ombe, na vumbi jingi kiasi kwamba tulifunga madirisha. Jua likawaka. Abiria wa mbele yangu akavua sweta. Nilikuwa nimeketi katikati ya jibu la tatizo langu, nikawa nalalamikia joto.

Mombo nilibadili gari. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, barabara imebandikwa ubavuni mwa mlima, na darubini ikapata nauli nyingine. Soni tuliona maporomoko kando ya barabara, wauza plamu na karoti wakakimbilia madirishani. Hewa ikapoa, tukafungua blanketi ya darubini tukajifunika, mimi na mama mmoja aliyekuwa na mtoto. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda ubaridi wake wakaupa mji jina la mfalme wao, Wilhelmsthal, na nadhani mtu wa kaskazini hapendi mahali kwa sababu ya ubaridi tu. Anapenda pia ukungu unaomkumbusha kwao. Hilo nalo lingenifunza kitu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwalimu mstaafu anayelima kabichi na ndizi nje kidogo ya mji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huo mzinga ni wa nini?"

"Ni darubini, mjomba. Kesho usiku mwezi unapatwa."

Aliuangalia mzinga, akaniangalia mimi, akacheka taratibu kama mtu aliyekuta jibu la ajabu kwenye daftari la mwanafunzi.

"Umekuja kutafuta mwezi Lushoto mwezi wa saba? Sisi wenyewe huku mwezi wa saba tunatafuta jua."

Usiku huo sikuona nyota. Asubuhi ya Ijumaa majani ya migomba yalikuwa yanadondosha maji na mvua haijanyesha. Simu yangu lakini ilinipa moyo. Nilikuwa nafuatilia picha za mawingu kutoka setilaiti, zile zinazoletwa upya kila baada ya dakika 15, na usiku wote zilikuwa zimeonyesha Lushoto bila wingu. Nilimwonyesha mjomba simu, nikamwonyesha dirisha, tukabaki kimya wote wawili. Baadaye nilielewa kosa langu. Usiku setilaiti haina mwanga wa jua, inapima joto. Wingu la juu ni baridi kali, hivyo hutokea jeupe kwenye picha. Ukungu unaolala juu ya ardhi una joto karibu sawa na la ardhi yenyewe, na setilaiti inaupita kana kwamba haupo. Picha haikusema uongo. Ilijibu swali jingine.

Mchana jua lilitoka kwa saa mbili nzima, nikatembea mpaka Irente. Hapo mlima unakatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba na chini yako, karibu kilomita moja kwenda chini, kuna Mazinde, barabara kuu yenye malori kama siafu, mkonge, na baada ya hapo nyika isiyo na mwisho. Nyika ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakukuwa na wingu juu yake hata moja. Nikageuka kutazama nilikotoka: ukungu ulikuwa umeshaanza kujaa kwenye mabonde, unakuja nyuma yangu bila haraka. Ulifika ukingoni mwa mwamba, ukamwagika kidogo kuelekea nyika kama maziwa yaliyochemka, na kabla haujashuka mita mia mbili ukawa haupo.

Nilisimama pale nikiuangalia ukijimaliza tena na tena. Hewa ya kusi inapopanda mlima inapoa, na unyevu wake unakuwa wingu. Ikivuka ukingo na kushuka upande wa pili inapata joto, na wingu linarudi kuwa hewa. Mlima haukuwa umepita juu ya mawingu. Mlima ndio uliokuwa unayatengeneza. Mauna Kea ina zaidi ya mita 4,200, mara tatu ya pale nilipokuwa, ndiyo maana mawingu mengi yake hubaki chini. Mimi nilikuwa nimepanda hadi jikoni kwao nikaketi jikoni.

Na nilikuwa nimepita Mombo nikilalamikia joto.

Ilipofika magharibi hatukuona mwezi ukichomoza. Kulikuwa na weupe tu, ukungu umechukua mwanga wa mwezi mpevu ukautawanya, migomba imesimama kama watu waliovaa kanzu. Mjomba alisema tule kwanza. Tulikula ugali na kabichi, mimi natazama saa. Saa 2 kasorobo usiku nikamwambia nashuka.

"Na mzinga?"

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Gari hakuna, kuna pikipiki tu. Kijana wa bodaboda aliyekuja aliupima mzinga kwa macho akatikisa kichwa: kona hizi, ukungu huu, hapana kaka. Darubini niliyoilipia nauli mara mbili, niliyoifutia kioo, ikabaki sebuleni kwa mjomba kando ya redio. Nilichukua kamera, lenzi ya milimita 300, tripodi, na soksi mbili za sufu.

Sina maneno mengi kuhusu ule mteremko. Taa ya pikipiki ilitoboa ukungu hatua kumi, zaidi ya hapo kukawa ukuta. Kijana aliimba muda wote, nadhani ili asisinzie, au nisisinzie mimi. Baada ya Soni tuliingia kona moja tukiwa ndani ya pamba, tukatoka kona ya pili tukiwa nje. Hakukuwa na kupungua taratibu. Ghafla barabara ilikuwa na vivuli vya miti, vikali kama vimechorwa kwa kalamu, na nikainua kichwa nikauona mwezi kamili, mdogo, mgumu, juu ya nyika. Nilimpiga kijana begani kwa furaha nusura tuingie mtaroni.

Mombo usiku ni mji wa mabasi na malori: vituo vya mafuta, hoteli za chakula, taa za kila rangi. Tukavuka yote hayo hadi kwenye reli ya zamani, ile ya Tanga kwenda Moshi, ambayo Wajerumani waliianza karne ya 19. Mwaka 2018 ilikuwa bado haijafufuliwa. Majani yalikuwa yameota kati ya mataruma na mbuzi waliifanya njia yao. Tuta la reli liko juu kidogo ya mashamba, limenyooka, halitikisiki. Kwa mpiga picha wa usiku hakuna sakafu nzuri zaidi. Nilisimamisha tripodi kati ya vyuma viwili saa 3:20. Saa 3:24 ukingo wa mwezi ukaanza kufifia.

Kupiga picha mwezi kwa lenzi bila darubini ni kazi ya kujinyenyekeza. Kwa milimita 300, sura ya mwezi inayoangukia ndani ya kamera ina upana wa milimita mbili na nusu hivi, sawa na punje ya mtama mdogo. Tena punje hiyo inakimbia: mwezi husogea upana wake mwenyewe angani kila dakika mbili, kwa hiyo kila baada ya muda unaukuta umetoka kwenye fremu. Ukiwa mzima ni kitu king'avu kama jiwe juani, sehemu ya 1 kwa 250 ya sekunde inatosha. Ukishapatwa wote, mwanga unapungua mara maelfu. Nilianza na sekunde moja nzima, nikaona kingo zimevurugika kwa mwendo, nikapandisha ISO hadi 3200 na kushusha muda hadi nusu sekunde. Picha zikajaa chembechembe. Ukivumilia unapiga nyingi zinazofanana, kisha nyumbani programu inazilaza moja juu ya nyingine, chembe zinafutana na mwezi unabaki. Nilipiga nyingi.

Mlinzi wa ghala la jirani alikuja na tochi na rungu kuuliza tunafanya nini relini. Kijana wa bodaboda akamwonyesha juu. Mlinzi akazima tochi, akakaa kwenye reli, na hakuondoka tena. Wakaja vijana watatu kutoka hotelini, na mama muuza chai na chupa yake. Nikawa naeleza na kupiga, kupiga na kueleza, na katika kueleza niligusa pete ya lenzi bila kujua. Hilo nililigundua nyumbani.

Kabla ya saa 4:30, mwezi ukielekea kubaki ukucha mwembamba, msikiti wa upande wa pili wa barabara ukaadhimisha sala ya kupatwa, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, na kisomo kirefu kikatufikia kupitia kipaza sauti kikichanganyika na honi za malori. Mlinzi aliinuka, akasema "naja", akaenda kusali, akarudi akiwa na watu wawili zaidi.

Kisha ukucha ukazimika.

Nilikuwa nimesoma rangi nyingi kabla ya siku ile: damu, shaba, matofali. Nilichokiona mimi kilikuwa na rangi ya viatu vyangu. Niliinamisha taa ya simu kuhakikisha. Udongo wa Lushoto ulioganda kwenye soli tangu Irente, wekundu uleule uliopauka, hudhurungi ikielekea weusi upande wa katikati ya kivuli. Mwanga huo hutoka kwa jua lenyewe, ukipinda ndani ya hewa ya dunia pande zote na kupoteza bluu yake njiani. Hewa ikiwa na vumbi au mawingu mengi kwenye ukingo wa dunia, mwezi unakuwa mweusi zaidi. Mfaransa André Danjon aliweka kipimo cha mwanga huo, kutoka 0 hadi 4. Mimi niliupa 2. Mama wa chai, nilipomweleza kipimo, aliupa 1, akasema macho yangu yana huruma.

Lakini kilichotunyamazisha wote si mwezi, ni kilichotokea pembeni yake. Mwezi mpevu hufukuza nyota. Ulipozimika, nyota zikarudi mahali pake kama wageni waliokuwa wamejificha vyumbani. Njia Nyeupe ikatokea juu ya vichwa vyetu, pana, ikishuka kusini-magharibi mpaka kwenye Nge. Zohali ikawa ndani yake. Na kusini mwa mwezi, Mirihi, yenye vumbi lake lote, ikawaka kwa rangi ya chungwa safi kuliko mwezi. Kwa macho matupu vumbi halikuipunguzia kitu. Ni darubini tu iliyokuwa imenifanya nidhani ina kasoro, na darubini ilikuwa kando ya redio.

Nilitazama nyuma mara moja. Juu ya ukingo wa milima palikuwa na mdomo mweusi wa ukungu, hauonekani ila kwa nyota ulizozificha. Ulikuwa unashuka na kuisha, unashuka na kuisha. Mara mbili kipande kilichoponyoka kilifika hadi karibu na mwezi nikashika roho. Mara mbili kikayeyuka.

Umande ulianza saa 5 na nusu. Nilivalisha lenzi soksi, mama wa chai akanijazia chupa maji ya moto nikaifunga juu ya soksi kwa kamba ya kiatu. Saa 6:13 ukingo wa mwezi ukapata cheche nyeupe, na mtu mmoja akapiga makofi. Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Mimi na kijana wa bodaboda tulilala kwenye mabenchi ya hoteli mpaka alfajiri.

Kati ya picha 340, zilizo kali ni 61. Kuanzia karibu saa 5 kasorobo zote zina ukungu mwembamba wa pete iliyoguswa. Nimelaza hizo 61 moja juu ya nyingine na nimepata picha moja ninayoipenda, mwezi mdogo wa udongo na Mirihi chini yake. Imetundikwa sebuleni, Tanga, na mchoo wa kila mwaka unaichafulia kioo.

Asubuhi nilipanda tena kuifuata darubini. Nilitegemea kumpa mjomba pole na kumwonyesha picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Alizitazama kwa makini, moja baada ya nyingine, miwani imeshuka puani. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari lake la hesabu za kabichi.

"Mimi nilikaa barazani," alisema. "Sikuuona mwezi. Nilikuwa naiangalia migomba."

Alikuwa ameandika kwa mwandiko wa ubaoni, kwa kuangalia saa ya ukutani. Saa 3 na nusu: ukungu mweupe, migomba yote saba inaonekana. Saa 4: migomba mitano. Saa 4 na robo: miwili. Saa 4:30: hakuna, giza la masika. Chini yake nafasi ndefu isiyo na neno. Kisha, saa 6 na robo: mgomba mmoja.